Waliofungua Vichwa Gusii

Kabla barabara ya lami haijafika Kisii, mtu aliyepigwa rungu kichwani katika vilima vyetu alikuwa na pa kukimbilia. Kulikuwa na fundi aliyeitwa omobari omotwe, na wenzake kwa jumla ababari emetwe. Kazi yao ilikuwa kufungua fuvu la mtu aliye hai, kukwangua mfupa uliopasuka au uliobonyea, kufunika jeraha, kisha kumwacha mgonjwa arudi kwake. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanyia katika chumba cha upasuaji, na nimezaliwa Bobasi, huku huku Gusii, kwa hiyo mafundi hao nimewajua kwa njia mbili: kwa masimulizi ya magokoro, mama mzaa baba, jioni tukimenya ndizi, na kwa vichwa vya wazee waliokuja hospitalini kwa shida nyingine kabisa.

Mmoja wa wazee hao alikuja kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Kila kitu alivua bila ubishi isipokuwa kofia ya sufu. Nilipombembeleza akaiachia, nikaona juu ya sikio la kulia ngozi imezama, mahali panapotosha kulaza vidole viwili. Nilipapasa. Ukingo wa mfupa ulikuwa mviringo na laini, hauna ncha, mfupa wa jeraha lililopona zamani sana. Mzee akakohoa, na ngozi ile ikapanda na kushuka chini ya vidole vyangu. Daktari kijana tuliyekuwa naye, mtoto wa mjini, akauliza, "Omogaka, hapa ulipigwa risasi?"

Mzee akacheka. "Risasi ya wapi, mwanangu? Hapa nilipigwa mpini wa jembe na ndugu yangu, kwa mpaka wa shamba. Aliyefungua ni mzee wa Bomachoge. Kichwa kilikuwa kinaniuma mpaka sioni. Akakikwangua, nikapona."

Daktari alinitazama mimi, kana kwamba nitamwambia mzee anatania. Nikamwambia aandike kwenye faili: fuvu liliwahi kufunguliwa, hana tatizo.

Wageni huuliza kwa nini kazi hii ilishamiri Gusii. Haikuwa yetu peke yetu. Wakuria, wanaokaa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, nao walikuwa na mafundi wao. Jibu langu ni kwamba palipo na majeraha mengi ya aina moja, hapo ndipo ufundi wa kuyatibu hukua. Katika karne ya 19 Wagusii walikuwa wamebanwa vilimani, huku Wakipsigis, kule Wamaasai, upande wa ziwa Wajaluo, na ng'ombe ndio waliokuwa wakigombewa. Vijana walilala kwenye ebisarate, kambi za kulinda mifugo. Vita vya Saosao dhidi ya Wakipsigis, mnamo mwaka 1892, bado vinasimuliwa kwetu kama jambo la juzi. Mkuki na mshale hupenya. Rungu na jiwe la kombeo hufanya kazi tofauti: ngozi inaweza kupasuka kidogo tu, lakini mfupa chini yake umebonyea, na kipande kimeelekea ndani kinagusa utando wa ubongo. Mtu huyo haendi kaburini siku hiyo. Anaamka, anatembea, anakula, kisha miezi inapita na kichwa hakimwachi.

Waingereza walizivunja kambi za ebisarate mnamo mwaka 1912 na 1913. Mtu angedhani ababari wangekosa kazi. Hawakukosa. Pombe ilikuwapo, mipaka ya mashamba ilikuwapo, na watu walizidi kubanana. Wengine walianguka kutoka mitini, wengine waliangukiwa na mawe katika machimbo ya mawe ya sabuni kule Tabaka. Halafu yakaja malori.

Jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika niliisikia vizuri kutoka kwa mzee aliyekuwa msaidizi wa mjomba wake ujanani. Yeye hakuwahi kushika kisu, alishika kichwa. Alinieleza hivi, nami nikiwa nasikiliza kwa masikio ya mtu wa chumba cha upasuaji.

Mgonjwa alilazwa nje, mchana, kwa sababu ndani ya nyumba hakuna mwanga. Chini yake yalitandikwa majani mabichi ya mgomba. Wanaume wenye nguvu walishika miguu na mikono, na msaidizi alikibana kichwa katikati ya magoti. Hakukuwa na ganzi ya maana. Omobari alianza kwa kuuliza na kubonyeza: hapa? hapa? Kidole gumba kikipita juu ya kichwa kilichonyolewa mpaka mgonjwa ashtuke. Hapo ndipo alipokata, mkato mmoja unaofika mfupani, kisha akaikunja ngozi pembeni.

Anayejua ngozi ya kichwa anajua inavyovuja damu. Nikamuuliza mzee walifanyaje. "Tulibana," akasema, akanionyesha: vidole vinane vimepangwa kwenye kingo za jeraha, vinakandamiza ngozi juu ya mfupa, bila kuachia. Nilinyamaza kidogo, maana ndivyo nilivyofundishwa mimi kufanya kabla vibanio havijawekwa. Hakuna aliyemfundisha yule mzee kwa kitabu.

Kisha kukwangua. Hapa ndipo palipokuwa na ufundi wote. Fuvu si ubao mmoja. Nje kuna tabaka gumu, katikati kuna mfupa wenye vitundu vitundu uliojaa damu, na ndani kuna tabaka jingine gumu, jembamba kuliko la kwanza. Fundi alikuwa na chombo cha chuma chenye ncha iliyopinda, akakwangua kidogo kidogo, akafuta unga wa mfupa, akamwagia maji, akakwangua tena. Mfupa mweupe ukigeuka mwekundu, anajua amefika katikati. Wekundu ukipungua, anapunguza mkono. Mzee aliniambia kuna mahali ambapo sauti ya chuma hubadilika, na mjomba wake akisikia sauti hiyo aliwanyamazisha watu wote uani. Baada ya hapo ni utando. "Ukiutoboa, umeua," akasema, na hakulisema kama methali. Lilikuwa agizo la kazi. Shughuli ingeweza kuchukua saa nyingi. Vipande vilivyovunjika viliinuliwa na kutolewa, damu nyeusi iliyoganda ikaachwa itoke, jeraha likapakwa mafuta na dawa za majani, ngozi ikarudishwa mahali pake.

Ufundi ulirithishwa katika ukoo, baba kwa mwana au mjomba kwa mpwa. Malipo yalikuwa mifugo, baadaye shilingi. Hata vyombo vilifuata wakati: karne ya 20 ilivyosonga, wembe wa dukani na msumeno wa chuma vikaingia kwenye mfuko wa omobari.

Ulaya ya karne ya 19 haikuwa na cha kutucheka. Mwaka 1867 mjini Paris, Paul Broca aliwaonyesha wenzake fuvu kutoka Peru lenye tundu la pembe nne lililochongwa kwa mkono. Alisema mwenye fuvu hilo alikuwa hai lilipochongwa, na kwamba aliishi siku kadhaa baadaye. Wengi walipata taabu kuamini, na sababu yao ilieleweka: katika hospitali za miji yao, wagonjwa waliofunguliwa vichwa walikufa kwa wingi, hasa kwa usaha na homa, kwa kuwa daktari alitoka kwenye maiti akaingia kwa mgonjwa bila kunawa. Omobari hakujua habari za vijidudu. Lakini alifanya kazi nje, kwa mgonjwa mmoja kwa wakati, hakuwa na wodi ya kupitishia maradhi kutoka kitanda hadi kitanda, na aliuheshimu utando. Hayo matatu yalimsaidia kuliko alivyojua.

Habari za vichwa vya Gusii zina upande mwingine ambao siwezi kuupita kimya. Januari 1908 kijana Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Northcote, akamjeruhi bila kumuua. Moraa, mwanamke mtabiri, ndiye anayetajwa kuwa alimtia moyo. Serikali ikatuma jeshi, nyumba zikachomwa, watu wengi wakauawa. Otenyo naye aliuawa, na wazee wanashikilia mpaka leo kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Basi unapowasoma wageni wa miaka hiyo wakiandika kwa mshangao kuhusu ushenzi wa watu wanaochezea mafuvu, kumbuka nani aliyekuwa akichukua vichwa na nani aliyekuwa akivitibu.

Madaktari wa serikali waliwajua ababari kwa muda mrefu, wengi kwa kuwakemea. Katika miaka ya 1950 ndipo baadhi yao walipoanza kuwachunguza kwa utulivu. J. G. Grounds aliandika habari zao mwaka 1958 katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki. Edward Margetts, Mkanada aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Mathari, Nairobi, alizifuatilia akachapisha sura ndefu mwaka 1967. Kichwa cha sura hiyo bado kinatuita watu wa tamaduni duni, lakini yaliyomo ndani yanampinga mwandishi mwenyewe. Wazungu wengi walitarajia kuambiwa kwamba fuvu linafunguliwa ili pepo atoke. Waliyoyakuta ni ya kawaida kabisa: mtu aliumia kichwa, kichwa kikaendelea kuuma, akatafuta fundi. Wagonjwa wengi walisema wamepata nafuu, na vifo vilivyosimuliwa vilikuwa vichache.

Kati ya wagonjwa walioandikwa na kupigwa picha miaka ile alikuwamo mwanamume mmoja aliyefunguliwa mara kwa mara, kila maumivu yakirudi anarudi kwa fundi, mpaka sehemu kubwa ya paa la fuvu lake ikawa haipo. Ubongo ulipiga chini ya ngozi kwa macho ya watu. Alitembea na kofia ngumu ya plastiki kulinda kile ambacho mfupa ulikuwa ukikilinda zamani. Sifa za ababari husimuliwa mara nyingi bila huyu kutajwa, nami naona ni lazima atajwe. Fundi mzuri anajua kukwangua. Anayejua kukataa ni adimu, na palipokosekana mtu wa kusema "basi, mfupa huu hauna kosa tena", biashara ilimla mgonjwa.

Lipo na jingine, zito zaidi. Hesabu ya vifo vichache inawahusu waliofika kwa omobari, na waliofika ni wale ambao tayari walikuwa wamevuka usiku wa kwanza. Pembeni mwa kichwa, karibu na panja, mfupa ni mwembamba na nyuma yake hupita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka hapo mshipa nao unaweza kukatika, na damu ikajaa kati ya fuvu na utando. Mgonjwa huzimia kidogo, akaamka, akaongea vizuri, watu wakamshukuru Mungu. Saa chache baadaye anaanza kutapika, anasinzia, mboni ya jicho moja inapanuka, na fuvu kwa kuwa halitanuki, ubongo unabanwa mpaka pumzi inakatika. Huyo anahitaji tundu katika muda wa saa, siyo mwezi. Mikono ya kulifungua tundu hilo ilikuwepo Bomachoge na Nyaribari. Lakini mkwanguo wa saa nyingi, baada ya ndugu kukaa kikao na mtu kutumwa mlima wa pili kumwita fundi, haungeweza kumkuta hai. Hao walizikwa, na hakuna aliyewahesabu kwenye kazi ya omobari.

Na hospitali je? Ya Kisii ilianza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini upasuaji wa ubongo kama taaluma ulichelewa sana Kenya nzima. Renato Ruberti alifika Nairobi kutoka Napoli mwaka 1967 na ndiye anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi. Gerishom Sande, aliyesomea Belfast, ndiye Mkenya wa kwanza kuwa daktari bingwa wa upasuaji huo. Kutoka Kisii hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Piga hesabu mwenyewe ya damu inayojaa kwa saa chache.

Nimeyaona yakitokea. Kijana wa jirani yetu alianguka kutoka juu ya lori la ndizi. Alipelekwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja, akajibu maswali yote vizuri, akapewa dawa ya maumivu, akaambiwa akalale nyumbani. Mama yake alifurahi kuona amelala, akatuambia tusimwamshe. Asubuhi hakuamka. Ningependa kila mzazi ajue hili kwa kichwa: aliyeumia kichwa na kupoteza fahamu hata kwa dakika moja, asiachwe peke yake usiku wa kwanza. Mwamsheni, aulizwe jina na mahali alipo. Akitapika tena na tena, maumivu yakizidi, usingizi ukiwa mzito, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au maji maangavu au damu ikitoka puani au sikioni, arudishwe hospitali usiku huohuo, ile yenye mashine ya CT ikiwezekana. Msisubiri kupambazuke.

Kinga ilikuja baada ya tiba, na ilikuja kwa njia ya ajabu. Mei 1935 T. E. Lawrence, yule Mwingereza mashuhuri wa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake karibu na kambi ya Bovington, kichwa wazi, akafa siku ya sita bila kurudiwa na fahamu. Mmoja wa madaktari walioitwa kumwona alikuwa Hugh Cairns, Mwaustralia aliyekuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo. Vita vya Pili vilipoanza, Cairns alihesabu: katika miezi 21 ya mwanzo wapanda pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa barabarani Uingereza, na majeraha ya kichwa ndiyo yaliyoongoza. Kisha akatafuta waliogonga wakiwa wamevaa kofia ngumu. Alipata saba tu, na wote saba walikuwa hai. Novemba 1941, muda mfupi tu baada ya kuchapisha hayo, jeshi la Uingereza liliamuru wapanda pikipiki wake wote wavae. Raia wa nchi hiyo walisubiri sheria mpaka 1973.

Sisi pikipiki zilitujia kwa mafuriko. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, na katika muda mfupi bodaboda zikajaa kila njia panda, kutoka Suneka hadi Keroka. Wodi nilizozijua zikiwa na waliopigwa marungu zikajaa vijana wa pikipiki. Sheria ya helmeti ipo. Helmeti zenyewe zipo pia, zimening'inia kwenye usukani, au dereva amevaa bila kufunga mkanda wa kidevuni, nayo huruka kabla kichwa hakijafika chini. Abiria anakataa kwa sababu ya jasho la mwenzake, na dada aliyesuka nywele jana hataki hata kuisikia. Sababu ya jasho naielewa. Beba kitambaa au kofia nyepesi ya kuvaa ndani. Sababu ya nywele siielewi, maana nimezinyoa mimi mwenyewe, kwa mashine, usiku wa manane, kumtayarisha mwenye nywele hizo aingie chumba cha upasuaji.

Ababari wenyewe wamefifia. Miaka ya 1980 wachunguzi walikuwa bado wanawakuta kazini. Leo ukiuliza, unaonyeshwa kaburi na mjukuu anayeuza simu. Hukumu yangu juu yao, baada ya kuviona vichwa walivyovifungua na vile tulivyovifungua sisi, ni kwamba walikuwa wapasuaji wa kweli, wenye mkono mzuri na kipimo kibaya: walifuata maumivu mahali ambapo ilifaa kufuata shinikizo ndani ya fuvu, na hawakuwa na njia ya kuliona.

Najua zipo nyumba Gusii na kule Tarime, kwa Wakuria, ambako chuma kile chenye ncha iliyopinda bado kimechomekwa darini au kimefungwa kwenye kitambaa sandukuni. Ukiwa nacho, usimuuzie mtalii, na usikifue kuwa kisu cha ndizi. Andika kwenye karatasi jina la aliyekitumia, kijiji chake, na aliyemfundisha, kisha kipeleke Makumbusho ya Taifa pamoja na karatasi hiyo. Na kama babu yako bado yupo na kichwa chake kina shimo, muulize leo nani alikifungua.